Umeacha nini, yaya?

Kwa saa tisa, kutoka Kabambare, karatasi za mwanamke nisiyemjua zilinichoma mgongoni. Tulikuwa watatu juu ya pikipiki moja: Djamali mwenye pikipiki mbele, mimi katikati, na nyuma yangu mama wa miaka arobaini hivi, amekumbatia kifurushi kilichofungwa kwa mifuko mitatu ya plastiki na kipande cha kitenge juu yake. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, pembe ya kifurushi ilinigonga uti wa mgongo. Nilimwomba akiweke nyuma kwenye mizigo, pamoja na bidoni ya mawese na kuku wake wawili.

"Hapana, papa," alinijibu sikioni. "Kuku watainyea. Hii ni chapitre trois."

"Sura ya tatu ya nini?"

"Ya mémoire yangu. Kazi ya kumalizia chuo."

Djamali alicheka bila kugeuka. "Papa, mimi namubeba Mama Marcelline na ile kitabu tangu iko na kurasa kumi. Nimezaa watoto wawili, wa kwanza iko masomoni, yeye angali chapitre trois."

"Djamali, angalia njia."

"Njia iko wapi ya kuangalia?"

Alisema kweli. Mbele yetu palikuwa na tope jekundu na alama za wale waliokwama kabla yetu. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda tena, na kila tulipopanda kifurushi kilirudi mahali pake mgongoni mwangu.

Nimeingia miji mingi nikiwa mgeni, na nimejifunza kutoamini ninachokiona siku ya kwanza. Kasongo niliingia na tope hadi magotini. Nilipanga kulala usiku mmoja tu, kesho yake niendelee Nyangwe, niuone mto Lualaba. Djamali alinitazama kwa huruma. "Njia ya Nyangwe imekunywa maji, papa. Ngoja wiki moja." Basi nikamfuata Marcelline hadi kwa Mama Mado, anayepangisha vyumba vinne nyuma ya soko. Kimoja kilikuwa cha Marcelline, ambaye kila baada ya wiki mbili hutoka Kabambare, alikoajiriwa kama msaidizi wa jamii, anakuja kwa ajili ya masomo, kisha anarudi. Safari hii alikuwa na ruhusa hadi Alhamisi, kwa sababu Jumatano kulikuwa na soutenance, siku ambayo mwanafunzi hutetea kazi yake mbele ya walimu na mbele ya mji.

Haikuwa yake. Ilikuwa ya Nuru. Jina hilo nililisikia mara ya kwanza kutoka kwa Mado, aliyetupokea na ndoo ya maji.

"Umekuja kumupigia Nuru makofi?" alimuuliza Marcelline.

"Nimekuja kazi yangu."

"Ndiyo, ndiyo. Kazi yako," alisema Mado, akanikonyeza.

Asubuhi ya Jumamosi, samedi kwao, Marcelline aligonga mlango wangu. "Papa, unajua Kiingereza?"

"Najua."

"Basi leo haupumziki."

Alinipeleka katika chumba cha katekisimu cha kanisa moja la mtaa. Watu saba walikuwa wamezunguka meza ndefu yenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya. Wote walikuwa wanafunzi wa master, fani ya travail social, yaani wanasomea kuwasaidia watoto wasio na walezi, wake waliofukuzwa, wazee walioachwa, na wengi wao wanaifanya kazi hiyo tayari. Kikundi chao wanakiita Meza, kwa sababu siku ya kwanza hawakuwa na kitu kingine. Chuo kinadai muhtasari wa Kiingereza mwanzoni mwa kila mémoire, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuuandika. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuletwa. Lakini kilichonikalisha pale hadi saa nane mchana ni namna wanavyosaidiana kuandika.

Mmoja anasoma ukurasa kwa Kifaransa, kwa sauti. Mwenye kazi anakaa kimya, haruhusiwi kushika kalamu wala kujitetea. Mwingine anasikiliza, na ukurasa ukiisha anaurudisha. Ndivyo wanavyosema, kurudisha: anasimulia kwa Kiswahili yale aliyoyasikia, bila kutazama karatasi, kama anavyomsimulia jirani kibarazani. Kisichorudi kinafutwa, au kinaandikwa upya. Mwishoni mwenye kazi anauliza swali moja tu, "Umeacha nini?", na mrudishaji lazima ajibu kweli.

Mrudishaji wao mkuu alikuwa Marcelline. Siku hiyo alianza na ukurasa wa Clovis, bwana mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, anayeshughulika na watoto wa sokoni. Ukurasa wake ulijaa maneno marefu kama treni. Marcelline alifumba macho mpaka mwisho, akafumbua.

"Watoto wametoka nyumbani. Clovis anataka warudi. Hasemi nani amewauliza kama wanataka."

Meza nzima ilicheka. Clovis alijifuta jasho. "Umeacha nini, mama?"

"Nimeacha maneno makumi mbili ya Kifaransa. Yamekataa kuvuka."

"Yote makumi mbili?"

"Moja nimelisukuma, nalo limerudi kwako."

Nimekaa na wahariri katika miji yenye treni za chini ya ardhi, na sijaona aliyefanya kazi hiyo kwa maneno machache namna ile.

Kisha ikaja zamu ya Nuru. Alikuwa na miaka kama ishirini na tisa, mtoto wa nyumba ya wafanyabiashara karibu na msikiti, mtandio wa rangi ya maharage, mkono mdomoni kila alipocheka. Kazi yake ilikuwa imekwisha kuchapwa na kushonwa vitabu vitano, na vitabu hivyo vilikuwa tayari kwa profesa wake, vikingoja walimu wa jury watakaomhoji. Alileta tu kipande atakachokisoma Jumatano mbele ya watu, kisa chake cha tatu. Clovis alisoma.

Kilikuwa kisa cha mwanamke aliyefukuzwa ukweni akiwa na mimba, akajifungulia mbali, akarudi mjini na mtoto na kumlea kama mdogo wake. Mtoto anamwita dada mpaka leo. Kimeandikwa kwa sentensi fupi zinazotembea bila fimbo. Kwa kufuata kanuni ya kazi yao, Nuru alikuwa amebadilisha jina la mwanamke huyo. Alimwita Marcelline.

Clovis alipolitamka jina, watu walitazama upande wa Marcelline, wakaacha. Alikuwa amefumba macho. Ukurasa ulipoisha alichelewa kidogo, kisha akarudisha kisa chote, na niliona kwamba kilirudi kama kilivyokwenda, ila kuna vitu viwili au vitatu alivyovipita: kazi ya yule mwanamke, na alama aliyo nayo mwilini.

Nuru aliuliza, kwa heshima ya mdogo kwa dada mkubwa, ambaye kwao ni yaya: "Umeacha nini, yaya?"

"Hakuna," alisema Marcelline.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya paa la soko, tulikaa kwenye baraza la Mado. Mado alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Marcelline alikuwa na kifurushi magotini, hajakifungua.

"Kwa hiyo Nuru atakuwa mwalimu wako," Mado alisema kati ya mapigo ya mchi.

"Bado."

"Utaingia darasani, utasema bonjour madame."

"Mado, twanga."

Nilimuuliza Marcelline maana yake. Alinieleza akiitazama njia. Chuo kilikuwa kimetangaza kwamba kitachukua mtu mmoja kutoka kwa wanaomaliza mwaka huu, awe assistant, na kazi yake itakuwa kuwasaidia wanafunzi kuandika mémoire. Sharti ni kupata grande distinction, daraja ya juu. Kati ya wanaomaliza, mwenye uwezo wa kuipata ni Nuru peke yake.

"Kusaidia wanafunzi kuandika," alirudia Marcelline. "Wee papa, leo umeona nani anasaidia?"

Ndipo akaniambia habari zake. Amezaliwa Lusangi, katika nyumba ya wakulima. Miaka kumi na minne iliyopita alimaliza licence, shahada ya kwanza, na kupeleka kazi yake kwa jury, kurasa tisini, na mwalimu mmoja akamwambia: "Madame, tumesoma yote, hatujajua unataka kusema nini." Alirudi Lusangi na aibu yake. Mama yake alikuwa anabambua karanga, akamwambia kaa chini unisomee. Mama hajui Kifaransa. Kwa hiyo Marcelline akawa anasoma mstari, anausema kwa Kibangubangu, na pale aliposhindwa kuusema mama anasema, "Basi huo hauna kitu," naye anaufuta. Karanga zilipokwisha zilikuwa zimebaki kurasa thelathini na moja. Alifaulu kwa hizo.

"Meza imetoka pale," alisema. "Kwenye karanga za mama yangu. Nuru alikuja miaka mbili iliopita na karatasi zake. Siku ya kwanza nilimurudishia mustari moja tu. Moja! Alilia. Samedi kumi na moja nilimurudishia. Watoto wangu wane kule Kabambare wananingoja, mimi niko hapa na kazi ya Nuru. Yangu inalala ndani ya mufuko."

"Na Clovis umemusaidia pia," Mado alisema, "lakini Clovis haumuchukie."

"Clovis haandike vizuri kunishinda."

Mchi ulisimama. Mado alitutazama sote wawili, akaendelea kutwanga polepole zaidi.

Marcelline alitoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya ukurasa wa shukrani wa Nuru. Nilihesabu majina kumi na tisa: Mungu, baba, mama, mume, walimu, wajomba, Clovis, na chini kabisa fundi wa groupe, ile mashine inayotoa umeme mahali anapochapishia.

"Mutu wa groupe iko," alisema Marcelline. "Mimi siko. Na jina langu amemupa nani? Mwanamuke wa kufukuzwa. Hata hakunificha, amenisomea mbele ya watu."

Aliikunja tena karatasi, mara nne, kwenye mikunjo yake ya zamani.

"Ule mwanamuke namujua," alisema halafu, kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye nilimupokea kule Kabambare, tumbo iko hapa. Iko Kasongo. Kila mutu anamujua. Nuru amebadilisha jina, lakini kazi yake ameiandika, ile alama ameiandika, mupaka muti wenye anaketi chini yake. Mercredi, siku ya soutenance, watu watasikia sentensi mbili, watageuka wamutazame. Na ule mutoto."

Mimi nami lazima nibadilishe. Tuseme mwanamke huyo huuza maandazi karibu na kituo cha pikipiki, tuseme ana kovu kidevuni. Si maandazi wala si kidevu. Ila mjue ni vitu vya namna hiyo, na katika mji kama huu jina la mtu ndicho kitu wanachokijua wachache kuliko vyote: wengi wanakujua kwa unachouza na pale unapokaa. Kosa la Nuru ni kosa la mtu aliyefundishwa kanuni na kuifuata vizuri. Kanuni inasema badilisha jina, naye alibadilisha jina.

"Kwa nini hukusema leo?" nilimuuliza.

"Nilitaka wamushike mule ndani. Mbele ya profesa, na mbele ya bwana yake, na mbele ya mji." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Basi. Umeshajua."

"Mwambie kesho."

"Papa, wewe unakwenda Nyangwe."

Jumapili ilipita. Jumatatu nilikwenda dukani kwa akina Nuru kumwandikia muhtasari wa Kiingereza. Tulikaa nyuma, kati ya magunia ya chumvi na marobota ya kitenge. Niliona aibu kwa kile nilichokijua. Neno lilikuwa mdomoni, na kila nilipofungua mdomo nilimwona Marcelline amefumba macho mezani. Mwishowe niliuliza swali jingine.

"Katika shukrani zako, mbona Mama Marcelline hayumo?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo ambalo hata mtoto analijua. "Lakini nimemupa jina!"

"Jina la mwanamke aliyefukuzwa."

"Jina la kisa cha tatu, papa! Ile ndiyo moyo ya kitabu yote. Kwetu mutu akikutendea kitu hauwezi kulipa, mutoto wako unamuita jina lake. Mimi niko na miaka tano ndani ya ndoa." Aliangalia mlango wa duka, ambako mume wake alikuwa anapima sukari. "Mutoto bado. Yaya iko na wane, kila mwaka ananiambia wamepanda darasa, mimi nacheka, nikifika nyumbani sicheke. Basi nilisema, kile kitu kizuri nimezaa ni ile kisa. Na sheria inakataza jina la ndani ya kisa lionekane kwa shukrani, watu wasifikiri ni yeye. Nikamutoa kule. Hakufurahi?"

"Ulimwambia?"

"Kitu kama ile wanasema? Anajua."

Jioni nilimwambia Marcelline, neno kwa neno, kama nilivyoona wanavyorudisha kwenye Meza. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuuchambua mpaka mawe yalipokwisha, na bado akaendelea.

"Umeacha nini?" aliuliza.

"Hakuna."

"Anatamani watoto wangu," alisema, kama mtu aliyepewa habari ya ajabu. Kisha uso wake ukafunga tena. "Hata ile ameifanya vizuri kuliko mimi. Mimi ningeweka jina kwa shukrani, basi."

"Kama hutamwambia kesho, nitamwambia mimi."

Aligeuka haraka. "Usiseme wewe. Ukisema wewe, mimi nitabaki na nini?"

Jumanne asubuhi tulikwenda wote wawili. Nuru alituletea viti na chai ya tangawizi. Marcelline hakuigusa chai yake. Alianza kurudisha kisa cha tatu upya, hapo kati ya magunia, na safari hii hakuacha kitu: kazi ya mwanamke, alama yake, mahali anapokaa, umri wa mtoto. Alipofika kwenye mti, Nuru aliweka kikombe chini. Niliona uso wake ukifika mahali tulipokuwa sisi tangu Jumamosi.

"Atajulikana," alisema.

"Atajulikana."

"Na mutoto atakuwa pale. Nimewaalika wote." Kisha akauliza swali nililojua lazima alifikie. "Yaya, ulijua tangu lini?"

"Tangu samedi."

"Samedi nilikuuliza umeacha nini."

"Uliniuliza."

Mume wake aliita kutoka mbele, akitaka chenji. Mtandio ulikuwa umemshuka Nuru shingoni na hakuupandisha.

"Kwa nini?"

"Wivu," alisema Marcelline. "Haiko na jina ingine. Nilitafuta."

Nilitegemea Nuru alie, au atufukuze. Alisimama akachukua funguo. "Vitabu viko kwa profesa. Twende kabla hajaanza kusoma."

Profesa alikuwa ameshaanza kusoma, lakini alikubali kuviachilia vitabu kwa saa mbili. Tulivipeleka kwenye Meza. Havikuwa vya kufunguliwa, vilikuwa vimeshonwa na kugandishwa kwa gundi. Nuru alinunua wembe. Marcelline alishika vitabu, kifua chake kikiegemea jalada ili visiteleze, na Nuru akakata, kitabu baada ya kitabu, ukurasa wa sitini na tano mpaka wa sabini na tano. Mara moja tu wembe ulimgusa Marcelline kidoleni, Nuru akasema pole, Marcelline akasema haiko kitu. Yaliyomo bado yalitangaza kisa cha tatu, na kitabu kiliruka kutoka sitini na nne hadi sabini na sita. Hapakuwa na muda wa kuchapisha upya. Kurasa zilizokatwa Nuru alizichoma nyuma ya kanisa, hamsini na tano zote, akizisukuma motoni kwa kijiti.

"Grande distinction imekwenda," alisema alipomaliza. Hakumtazama mtu.

Jumatano ukumbi ulijaa. Shangazi za Nuru walikuwa wamevaa kitenge cha aina moja. Nuru alisoma kisa cha kwanza na cha pili. Vilikuwa vizuri, lakini waliokuwa kwenye Meza walijua kilichokosekana. Halafu profesa mmoja aliyetoka Kindu akainua kitabu chake na kukipekua mara mbili.

"Madame, kurasa sitini na tano hadi sabini na tano ziko wapi? Panya?"

Watu walicheka. Nuru alingoja wanyamaze.

"Nimezikata mwenyewe, Profesa. Nilibadilisha jina la mwanamke, nikasahau kubadilisha maisha yake. Angejulikana hapa ndani. Sikuliona. Kuna mwenzangu alilisikia."

"Nani huyo mwenzako?"

"Yaya Marcelline. Yule pale. Ndiye aliyenifundisha kuandika."

Watu waligeuka. Mado alipiga kigelegele kilichofanya profesa aache kalamu, na shangazi wakadakia, na Clovis akasimama akipiga makofi juu ya kichwa chake. Hayo ndiyo makofi ambayo Marcelline alikuwa ameyataka kwa miaka miwili. Aliyapokea akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayenyeshewa. Nuru hakusema neno juu ya zile siku tatu Marcelline alizonyamaza. Katika safu ya nyuma mwanamke mmoja alipiga makofi kama wengine, na mimi sikumtazama mara ya pili.

Walimpa distinction. Grande hakupata, kwa sababu kazi ilikuwa na shimo katikati, na mwenyekiti wa jury alisema hivyo kwa sauti ya masikitiko. Nafasi ya assistant ingengoja mwaka ujao. Hata hivyo, kama ilivyo desturi kwa aliyefaulu, walimmwagia Nuru poda ya kutosha watoto kumi, kichwani na mabegani, mpaka mtandio ukawa mweupe, na Djamali akazunguka ukumbi na pikipiki yake mara tatu akipiga honi.

Alhamisi asubuhi pikipiki hiyo hiyo ilisimama mbele ya kwa Mado. Djamali alifunga bidoni tupu na mfuko wa chumvi. Marcelline alitoka na viatu mkononi na kile kifurushi kifuani.

"Mwaka kesho nafasi ni yako," nilimwambia. "Ukimaliza."

"Ndiyo vile. Na watasema nilimukatisha kurasa kusudi." Alikaa kwenye ngazi akavaa viatu. "Jana jioni Nuru alikuja hapa, na poda yake masikioni. Unajua alisema nini? 'Yaya, leta chapitre trois, samedi nitairudisha.' Hakununa. Hata kidogo. Ningalikuwa mimi, ningalinuna mpaka Pasaka." Alivuta kamba ya kiatu kwa nguvu. "Kuandika ananishinda. Sasa na roho pia ananishinda. Mutu atakaa na mutu wa namna ile namna gani?"

"Mama, jua linapanda," alisema Djamali.

"Lipande, limekushika shati?" Alisimama. Kisha akaniwekea kifurushi mikononi, kizito kuliko nilivyokumbuka, kwa kuwa safari ile nilikijua kwa pembe yake tu. "Mupelekee. Samedi hii mimi siko."

"Lakini mwenye kazi lazima awepo. Nani atauliza umeacha nini?"

"Uliza wewe. Si uko na bahati, njia ya Nyangwe bado iko na maji?" Alipanda nyuma ya Djamali, na mara hii palikuwa na nafasi tele kati yao. "Akisifu, usiniambie. Niambie tu kile ataacha."

"Na nikiandika habari zako, nikubadilishie jina?"

Alifikiri, mikono ikitafuta kitu cha kukumbatia na kukosa, mwishowe ikashika chuma cha mizigo.

"Jina acha. Badilisha vile vingine. Lakini ule wivu usiutoe, watu wa Kabambare hawatanijua."

Djamali alicheka, akapiga kiki mara mbili. Walishuka kwenye mteremko wa soko, wakapita kati ya baiskeli za mawese, na Mado akatoka na ufagio kutazama vumbi lao.

"Hakugeuka?" aliuliza.

"Hakugeuka."

"Basi ingia ndani na ile mufuko," alisema. "Kuku wake ameniachia, na wanapenda karatasi."